Jina la Pili

Valary alikuwa katika rakaa ya pili ya alfajiri aliposikia mlango wa nyumba ya nyanya yake ukisukumwa, na kuanzia hapo hakuswali tena. Alisikiliza tu, huku mwili ukiendelea kuinama na kuinuka kwa mazoea. Yeye alikuwa ameelekea kaskazini, upande wa dirisha lenye pazia la kijani, kwa kuwa ukiwa Kimulot kibla huangukia huko. Nyanya yake, nje kwenye umande, alikuwa ameelekea mashariki, mahali ambapo msitu wa Mau ulikuwa umeanza kutengana na mbingu. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao tu, na sauti ya mwanamke mzee aliyekuwa akisema na mtu kana kwamba mtu huyo amesimama ng'ambo ya mto.

Neno la kwanza lilikuwa lile lile la kila asubuhi, na kila asubuhi mwisho wake ulipotelea kwenye mapengo. Asis? Au asista? Kwa Kipsigis, Asis ni Mungu na asista ni jua, na katika mwaka mmoja tangu asilimu Valary alikuwa ameyaacha mengi kwa ajili ya tofauti ndogo kuliko hiyo. Alitoa salamu kulia na kushoto, kisha akabaki amekaa juu ya mkeka akijichukia kidogo. Moja ya swala zake mbili za mwisho za alfajiri katika nyumba ya mamake, na ameitumia kudukiza maombi ya mwingine.

Kesho yake angeolewa. Nikaha ingefungwa kwenye msikiti wa Kericho mjini, na bwana harusi, Idris, mwalimu wa hisabati, alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo hakuweza kulipanga: watu wa kumsindikiza bibi harusi. Babake Valary, Mathew, dereva wa lori la kubeba majani mabichi ya chai, alikuwa amefariki Valary akiwa kidato cha pili. Aliyebaki mkubwa wa boma ni Kipkemoi, mdogo wake Mathew, ambaye alitangaza kwamba hakuna mguu wa ukoo wao utakaokanyaga msikiti. Kipkemoi hakubishiwa na mtu ila mamake. Kogo, kama walivyomwita nyanya huyo wote, alimjibu mbele ya majirani: "Nikimtemea maziwa, huyu ni wetu, hata akiolewa kwa mwezi. Na wewe utaenda kumsindikiza, na utavaa koti."

Kipkemoi akakubali. Hivyo kila kitu kikaning'inia kwenye funda la maziwa. Msichana wa Kipsigis hatoki kwao bila baraka ya mzee. Akiipata, hawezi kusemwa kuwa ametoroka. Kogo angesimama naye uani jua likichomoza, amwombee, na kumnyunyizia maziwa kifuani kutoka kinywani mwake. Jambo lenyewe lilikuwa la upendo mtupu, na ndilo lililomnyima Valary usingizi. Maana aliyeombwa ni nani?

Alimkuta mamake jikoni akichuja maziwa. Joan alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiopumzika.

"Wewe na Kogo mnaamka kama watu wa kukamua ng'ombe," alisema bila kugeuka, "na ng'ombe nakamua mimi."

"Nimesahau, Mama. Nilete ndoo ingine?"

"Leta masikio. Ati kesho utasimama hapo nje utemewe mate?"

"Sijaamua."

"Hujaamua! Kipkemoi amepeleka koti kwa fundi." Joan alicheka kidogo, kisha akaweka chujio chini. "Sikiliza. Sisi tulimkataza Kogo hiyo maneno kitambo. Pastor alikuja mpaka hapa, akakunywa chai yake, akamwambia aache kuomba jua. Ukikataa, kwa hiyo moja tu, mimi na wewe tuko upande moja."

Hapo ndipo Valary alipohisi moyo ukimgeuka. Mamake, aliyelia siku aliyomwona amejifunga hijabu, mamake aliyesema kesho hatatoka kitandani, alikuwa anamkaribisha upande wake, na mlango wa kuingilia ulikuwa dharau kwa bibi kizee.

"Kwa hii nyumba," Joan aliendelea, "sasa tuko na Mungu watatu. Wako, wangu, na ya Kogo."

"Mungu ni mmoja, Mama. Sisi ndio watatu."

"Hiyo ndio mnafunzwa chuo? Shika hii sufuria."

Ilipofika saa za kuchuma chai, Valary alijifunga aproni ya nailoni na kushuka shambani na kikapu mgongoni. Alichuma vibaya. Vidole vilijua majani mawili na kichipukizi, lakini akili ilikuwa imekwenda kwingine, na mara kadhaa alijikuta amekamata majani magumu ambayo karani wa kituo cha kupimia angeyamwaga chini mbele ya watu. Tatizo lilikuwa lugha kama lilivyokuwa imani. Mpaka babake alipokufa, alilelewa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, mlango wa kushoto ukiwa wa mama Quinter, wa kulia ukiwa wa akina Omosa, wote wa makabila mengine, na watoto wote wakicheza kwa Kiswahili. Kipsigis chake kilikuwa cha kuomba chumvi na kuitikia salamu. Katika Kiswahili angeweza kumtetea Mungu mmoja mbele ya ukumbi mzima wa wanafunzi. Katika lugha ya babake hakuweza hata kutambua kama anatajwa.

Kwenye mpaka wa juu, karibu na mikaratusi, simu hushika mtandao. Alimpigia Mwalimu Hidaya, mwanamke aliyemfundisha dini mjini Kericho, na kumweleza yote kwa haraka, kama mtu anayekabidhi mzigo unaomchoma.

"Umemuuliza?" Hidaya alisema.

"Kumuuliza nini?"

"Anamwomba nani. Wewe umemhukumu kwa mahali anapoelekeza uso. Sisi tunaelekea nyumba ya mawe, binti yangu. Tunaiabudu?"

"La."

"Basi muulize, kwa adabu. Kama anamwomba aliyeumba jua, itikia. Akiomba jua, umbusu mkono na umkatalie. Na usikilize vizuri kama kuna wengine anaowaita pamoja Naye. Hapo ndipo watu wengi huteleza, hata wetu."

Valary alishukuru na kukata simu. Alikuwa na swali la pili, la zamani, ambalo alikwisha kuliuliza mara moja na hakutaka kulirudia: babake, aliyekufa bila kuijua shahada ya Uislamu, yuko wapi? Siku ile Hidaya alimjibu kwamba amwachie Mungu, kwa kuwa Yeye ni mwadilifu kuliko sisi sote. Lilikuwa jibu jema. Lilimkesheza.

Mchana alimkuta Kogo mbele ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda akisugua kibuyu kwa mkaa wa mti ili maziwa yapate harufu. Kogo alijua Kiswahili cha sokoni, nacho mara nyingi kilitoka kinywani mwake b zikiwa p, d zikiwa t, g zikiwa k na z zikiwa s. Valary alichuchumaa mbele yake, akaanza mbali, akauliza habari za mgongo, za ndama, za mvua.

"Uliza kile umekuja kuuliza," Kogo alisema. "Miguu yako itakufa kanzi."

"Kogo, asubuhi ukiomba, unaomba nani? Unaomba jua?"

Kogo aliacha kusugua. Alimtazama mjukuu wake, akatazama juu, akafunga jicho moja kwa ule mwanga, akarudi kumtazama.

"Jua?"

"Ndiyo, Kogo. Asista."

"Mtu naweza kuongea na taa?" Kifua chake kilianza kutikisika kwa kicheko. "Joan hapo ndani ako na taa ya sola. Umeona nikiisalimia? Asista ni taa ya Asis. Anawasha, anasima. Mimi naongea na mwenye taa. Ni nani alikuambia naomba jua? Ile pastor? Alikunywa chai yangu, hakuniuliza kitu."

Valary aliinuka, akaketi, akainuka tena, akaushika mkono mweusi wa mkaa na kuubusu. Kwa mara ya kwanza tangu asilimu alihisi kwamba dini yake haikumtoa nyumbani. Ilimrudisha kwa mlango wa nyuma. Asis mmoja, mwenye taa. Angeitikia kwa sauti ambayo Kipkemoi angeisikia akiwa bado anafunga vifungo vya koti.

"Kesho nitaitikia yote, Kogo. Nifundishe."

"Ni rahisi. Mimi naita, wewe unasema *iwe hivyo*, mimi naweka maziwa kwa kinywa, nakutemea. Kwanza naita Asis. Halafu naita papa yako."

Furaha ya Valary ilikatika.

"Baba?"

"Mathew. Papu yako, mume yangu, simwiti kwa harusi. Alikuwa mlevi, ataharipu." Kogo alichovya kitambaa kwenye mkaa. "Lakini Mathew ni lasima. Asis ni mkupwa, ako na mampo mengi. Mathew anakaa karipu naye sasa. Tutamwampia, yeye atamwampia."

"Kogo, Mungu anasikia mwenyewe. Hahitaji mtu wa katikati."

"Wewe ukitaka kitu kwa meneja wa kiwanda, unaingia tu, na viatu ya matope? Si unapitia kwa nyapara?"

"Kwa Mungu hakuna nyapara."

Kogo alifikiri. "Pasi huyo Mungu yako ako na kasi mingi."

"Naomba umwite Mungu peke yake. Tafadhali. Baba nitamkumbuka kwa njia nyingine."

"Njia kani?"

Valary alitazama chini, kwenye mkaa. Njia ipi? Hakuweza kumwomba marehemu, wala hakuwa na hakika kama dini ilimruhusu kumwombea. Kogo alirudia kusugua kibuyu, polepole zaidi.

"Mimi nilisaa huyo mtoto," alisema. "Nikiita Asis na niruke Mathew, ni kama nimemsika mara ya pili."

Jioni ile Joan, aliyesikia kila kitu kutoka jikoni, alimpa binti yake ushauri ambao hakuutarajia. "Itikia tu. Kwa moyo funga mlango, kwa mdomo sema. Unafikiri mimi siku yangu sikutemewa? Nilitemewa na nikaenda kanisa nikiwa bado nanuka maziwa. Yesu hakuniuliza."

"Lakini Mama, asubuhi ulisema nikatae."

"Asubuhi sikujua ataita Mathew."

Joan aligeuka upesi na kuanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari. Valary alitazama mgongo wake mpana, na kwa kitambo kirefu mawazo yake yalizunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Akikataa, Kipkemoi hatavaa koti, na Valary ataingia msikitini kesho kama mtu asiye na kwao. Hilo angeweza kulivumilia. Wangapi hawakuvumilia zaidi? Lakini si Kipkemoi aliyemtisha. Kilichomtisha ni kwamba alitamani kuitikia. Alitamani sana. Kusimama uani, jina la babake liitwe kwa sauti, naye aseme *iwe hivyo*, na aamini kwa pumzi moja tu kwamba Mathew yuko karibu, amesikia, amevua kofia yake ya udereva. Alikuwa amezoea kuwazia shirki, kumshirikisha Mungu na kingine, kama sanamu, kitu cha watu wa mbali, cha kuchekwa. Hakujua kwamba inaweza kumjia mtu ikiwa na uso wa babake.

Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi juu ya chai. Gari aina ya Probox, lililotumwa na shangazi yake Idris, lilikuwa limeegeshwa barabarani, dereva akipangusa vioo. Kipkemoi alisimama uani na koti lake jipya lililombana mabegani. Joan alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Valary, katika gauni jeupe na mtandio wa rangi ya maziwa, alisimama mahali alipoonyeshwa, uso mashariki, na mwanga wa kwanza ulipogusa vilele vya Mau, Kogo alikohoa na kuanza.

Aliita Asis. Safari hii neno lilitoka zima, bila kumezwa, kana kwamba mzee alikuwa amelitunzia meno. Akaomba kwa Kipsigis, na Valary aliambulia maneno machache: njia, watoto, mvua, tumbo lililoshiba. Hakikuwamo hata kimoja ambacho yeye mwenyewe asingemwomba Mungu wake.

"Iwe hivyo!" alisema, na sauti yake ilipanda.

Kogo alikunywa funda kutoka kwenye kibuyu, akainama, na maziwa yakamfikia Valary kifuani kama manyunyu ya asubuhi, baridi kwanza, kisha vuguvugu. Kipkemoi alicheka kwa furaha. "Huyo ni wetu!"

Kisha Kogo akaita, "Mathew." Akasema naye maneno machache kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwamsha mtoto, akajaza kinywa maziwa, akangoja.

Valary hakusema kitu.

Mashavu ya Kogo yalikuwa yamejaa. Hakuweza kusema, aliweza kutazama tu, na alitazama. Ng'ombe alilia nyuma ya nyumba. Kipkemoi alisogea hatua moja.

"Itikia," alisema.

"Siwezi, baba mdogo."

"Ni neno tu! Neno! Utapungukiwa na nini?"

"Ni neno, ndiyo." Alimgeukia Kipkemoi. "Na mimi niliingia dini kwa neno. Sikutoa ng'ombe, sikutoa shamba. Nilisema hakuna anayeombwa ila Mungu mmoja, basi. Kama neno si kitu, basi mimi si Muislamu, na leo hakuna harusi."

"Hata baba yako? Unakataa baba yako?"

"Simkatai! Nampenda. Simwombi."

"Iwe hivyo," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Wote waligeuka. Joan, kiongozi wa akina mama, alikuwa ametoka kabisa nje, mikono imejifunga kwenye kanga, uso umelowa. "Iwe hivyo," alirudia. "Nimeitikia mimi. Kogo, mtemee mtoto aende."

Lakini Kogo alitikisa kichwa. Anayeitikia ni anayebarikiwa; hilo hata Joan alilijua. Mzee alibaki na maziwa yake kinywani akimtazama Valary, kisha shingo yake nyembamba ikapanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Ile ya Asis nimekupa," alisema alipopata sauti. "Ile ya Mathew nimemesa mimi."

Kipkemoi alivua koti, akalikunja kwa uangalifu, kwa kuwa lilikuwa jipya, akalitia kwapani na kushuka kupitia katikati ya chai bila kuaga. Hakuna aliyemwita. Valary alitaka kupiga magoti lakini hakujua angempigia nani. Akabaki amesimama, mikono imekufa ubavuni, akingoja kufukuzwa.

"Huko mskiti," Kogo alisema, akiziba kibuyu, "watakuuliza wewe ni mtoto ya nani?"

"Wataniuliza."

"Utasema?"

"Lazima niseme, Kogo. Nikaha haifungwi kwa mtu asiyejulikana baba yake. Watasoma jina langu, halafu lake."

"Kwa sauti?"

"Watu wote watasikia."

"Sema sasa nisikie."

Valary alirekebisha mtandio. Alijiuliza, hata hapo, kama ilifaa aseme akiwa bado ameelekea mashariki. Akajikuta amegeuka kidogo, mguu mmoja huku, mwingine kule. "Valary," alisema, "binti Mathew."

Kogo alisikiliza mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho, kama mtu anayedhani bado kuna kitu kinakuja.

"Umesema kama mtu anaantikisha kitampulisho," alisema.

"Nirudie?"

"Apana. Enta. Treva amemalisa kupankusa vioo."

Akageuka, akaingia nyumbani mwake na kibuyu, na mlango ukabaki wazi. Valary hakujua kama umeachwa wazi kwa ajili yake. Alipofika kwenye gari alimkuta mamake ameshaketi kiti cha nyuma na viatu vyake vya kanisani.

"Usinitazame," Joan alisema. "Siingii ndani. Nitakaa nje ya geti."

Gari liliondoka. Maziwa yalianza kukauka kifuani na kuivuta nguo, na Valary hakuyapangusa. Kuanzia Kimulot mpaka lami alilisema jina lile chini ya pumzi, mara kwa mara, akilijaribu kwa sauti mbalimbali, akitafuta ile ambayo ingeonyesha yote aliyomaanisha bila kuomba chochote, na mamake, aliyekuwa anatazama dirishani, hatimaye akamwambia anyamaze kidogo, kwa kuwa yeye pia alikuwa anajaribu kumfikiria Mathew.